Mmepima Damu, Je Kisima?

Vijana wa siku hizi wamekuwa wajanja. Kabla ya ndoa wanakwenda kupima damu pamoja, wanaulizana mishahara, wanaulizana hata madeni. Safi sana! Lakini wakishaoana tu, wanatoa akiba ya miaka mitano kununua kiwanja ambacho hawajapima hata glasi moja ya maji yake. Leo nina neno na nyinyi.

Majuzi mdogo wangu na mkewe walinichukua tukaangalie kiwanja Bububu, ukiacha barabara kuu na kuingia ndani mashambani. Minazi ipo, mwembe upo, na kisima kimejengewa vizuri. Mdogo wangu akateka, akanywa, uso ukachanua: "Matamu, Dada! Tukitia pampu tumemaliza." Wifi yangu, mwenye mimba ya miezi sita, hakunywa. Alihesabu hatua kutoka kisimani hadi choo cha jirani: kumi na mbili. "Mume wangu, mimi hela yangu sitoi mpaka yapimwe." Mume akanuna. Ati anaaibishwa mbele ya muuzaji!

Nakwambia kweli, nilikuwa upande wa wifi. Kwetu pwani maji "matamu" maana yake hayana chumvi, basi. Neno hilo halikwambii kama ni safi. Bakteria wa kinyesi hawana rangi, harufu wala ladha, na kipindupindu cha 2015 na 2016 hapa Zanzibar hatujakisahau. Shirika la Afya Duniani linataka mililita 100 za maji ya kunywa zisiwe na hata bakteria mmoja wa aina ya E. coli. Naitreti, ambayo hutoka vyooni na kwenye mbolea, isizidi miligramu 50 kwa lita. Ikizidi, mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji hayo yuko hatarini, kwani damu yake inaweza kushindwa kubeba oksijeni. Kuchemsha je? Kunaua vijidudu, lakini naitreti na chumvi vinabaki palepale.

Mtaniambia maji ya Bububu yana sifa tangu zamani. Ni kweli. Sayyid Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, aliyavuta maji ya chemchemi za upande huo hadi mjini. Lakini enzi hizo kulikuwa na mashamba, leo kuna nyumba kwa nyumba, na kila nyumba ina choo chake.

Halafu kuna hiyo pampu. Kisiwani, maji matamu ya ardhini yanaelea juu ya maji ya bahari. Wataalamu wana kanuni yao: kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inabebwa na kama mita 40 zilizo chini yake. Ukivuta kwa pupa, ya juu yanashuka na ya chumvi yanapanda. Ndiyo maana kisima kilichovumilia ndoo miaka nenda miaka rudi kinaweza kuharibiwa na pampu. Kwa hiyo pimeni mara mbili: chumvi mwisho wa kiangazi, vijidudu wakati wa masika, mvua zinaposhusha uchafu.

Chupa ichukueni maabara, iliyosafishwa maalumu. Msiguse mdomo wake kwa mkono, iwekeni kwenye barafu, na ifikisheni ndani ya saa 6 mkiweza, isipite 24.

Udongo nao msiusahau. Wazee wetu waliupa majina: kichanga, kinongo chekundu, kinamo cha mabondeni, na maweni. Jaza theluthi ya chupa ya kioo kwa udongo, ongeza maji, tikisa, iache itulie. Mchanga hukaa chini kwa dakika moja hivi, tope laini hufuata baada ya saa kadhaa, na kinamo huweza kuchukua siku nzima. Kichanga kinapitisha maji ya choo haraka mno hadi kisimani. Kinamo hakinywi, shimo litafurika masika.

Majibu yakaja. Chumvi kidogo, naitreti chini ya kiwango, lakini bakteria wamo! Na udongo ni kichanga kitupu. Mdogo wangu alisoma karatasi mara mbili, kisha akamwambia mkewe, "Ahsante, mama." Kiwanja wamekinunua, kwa bei iliyopungua. Kisima kipya kitachimbwa upande wa juu, zaidi ya mita 30 kutoka choo chochote, na shimo lao la choo litajengwa kwa zege, lisivuje. Maji ya kisima cha zamani ni ya kumwagilia miti tu.

Wapendwa, mwenzio akisema "tupime kwanza" hakudharau wala hakutilii shaka. Anahesabu watu watakaokunywa maji hayo, hata ambaye hajazaliwa. Kaeni chini, tengeni fungu la vipimo kabla ya fungu la mabati, na nendeni wote wawili. Gharama ya vipimo ni ndogo ukilinganisha na msingi mliokwishaumwaga mahali pabaya.

Tukutane mwezi ujao!