Kiswahili kifundishwe mibunini

Kihispania cha Chile hakina sifa nzuri. Waulize Waargentina, waulize Wahispania wenyewe: watakuambia Wachile wanakimbiza maneno, wanaiacha s ipotelee njiani na kila wakimaliza sentensi wanaipachika kijineno "po". Ungetarajia wanafunzi wa lugha waikwepe nchi hiyo, waende Salamanca au Bogotá. Lakini wanakwenda. Asubuhi wanakaa darasani Santiago wakihangaika na vitenzi. Mchana wanapanda basi hadi bonde la Maipo, palepale kusini mwa jiji, au Casablanca kwenye njia ya kwenda Valparaíso, wakaelezwe na watu wa shamba jinsi mzabibu unavyopogolewa na kwa nini pipa la mwaloni linabadili ladha ya mvinyo. Hapo mgeni anakuwa na sababu ya kutaka kuelewa anachoambiwa, na sababu hiyo kitabu cha sarufi hakina.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili mjini Gisenyi, wilayani Rubavu, Rwanda. Wanafunzi wangu ni wauguzi wa mashirika, watafiti wa volkano, mapadri wapya, na mara mojamoja mke au mume aliyeletwa huku na kazi ya mwenzake, akachoka kukaa ndani. Kiswahili cha mji wetu nacho hakina sifa. Wengi wetu husema batu badala ya watu, tunachanganya Kifaransa na Kinyarwanda bila aibu, na mtu wa Unguja akitusikia huuliza tumesomea wapi. Ndiyo maana mgeni anayetafuta Kiswahili sanifu hushauriwa aende Zanzibar, kwenye Chuo Kikuu cha Taifa, SUZA, ambako wageni wamekuwa wakifundishwa kwa miaka mingi. Sina ugomvi na ushauri huo. Ila sioni kwa nini Rubavu ikae kimya kana kwamba haina cha kufundisha. Tuna kahawa ya Kivu. Tuifanyie walichofanya Wachile na zabibu: mwezi mmoja wa masomo, msimu wa mavuno, Kiswahili na kahawa kwa pamoja.

Kihispania chenyewe si kigeni sana pande hizi. Wanajeshi wa Uruguay wa Umoja wa Mataifa walikaa miaka mingi Goma, ng'ambo ya mpaka wetu, na vijana waliokuwa wakiwauzia vocha, sigara na vinyago waliokota Kihispania cha kutosha kugombania bei. Hakuna aliyewafungulia darasa; biashara iliwatosha.

Tatizo letu ni kwamba watu wa lugha na watu wa kahawa hawajawahi kukaa meza moja. Kahawa ilifika nchini mwanzoni mwa karne iliyopita, ikapandwa na wamisionari huko Mibirizi, kusini mwa Ziwa Kivu. Wabelgiji wakaja kuilazimisha katika miaka ya 1930, na kwa miongo mingi baada ya hapo iliuzwa kwa uzito tu, bila anayejali ladha. Mambo yaligeuka baada ya mwaka 2000, vituo vya kuosha kahawa vilipoanza kujengwa kwa wingi milimani. Mwaka 2008 Rwanda ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kufanya mashindano ya Cup of Excellence. Hapa kwetu kuna ushirika wa Coopac, na ukichukua boti Gisenyi ukaelekea kusini utafika Kinunu, wilayani Rutsiro, ambako kituo cha kahawa kiko karibu kabisa na maji. Watalii wanaotembea njia ya Kongo-Nile, ile ya kilomita 227 inayoanzia mjini kwetu, wanapita huko. Wanapiga picha, wanaonja kikombe, wanaongea Kiingereza na kiongozi wao, wanaondoka.

Na kahawa hii ina Kiswahili chake. Baba yangu alikuwa dereva wa lori. Alipakia kahawa Rwanda akaipeleka Mombasa kupitia Uganda, na Kiswahili cha nyumbani kwetu kilikuja na lori hilo: maneno ya bandarini, ya gereji, ya mizani, ya askari wa barabarani. Wakati ule jirani wenye heshima zao waliona Kiswahili ni lugha ya madereva na wachuuzi, na mama alikatazwa na dada zake asituzoeze. Leo ni lugha rasmi. Bunge lilipitisha sheria ya kukifanya hivyo mwaka 2017. Dada zake mama sasa wananiletea wajukuu niwafundishe, na hakuna hata mmoja anayekumbuka alichosema.

Ng'ambo ya ziwa mambo yalikuwa mazito zaidi. Kwa miaka mingi wakulima wa kahawa wa kisiwa cha Idjwi na wa Minova, upande wa Kongo, hawakuwa na barabara salama wala mnunuzi wa maana. Walipakia magunia kwenye mitumbwi usiku wakavuka kuja Rwanda kuuza, au kubadilishana na sabuni, chumvi na nguo. Wengi walizama. Wajane wa safari zile bado wapo. Ni katika hali hiyo ushirika wa Sopacdi ulianzishwa Minova mwaka 2003, ili wakulima waoshe kahawa yao na kuiuza kwa jina lao wenyewe. Mtu wa Idjwi na mnunuzi wa upande wetu, wakikutana gizani ufukweni, mara nyingi walipatana bei kwa Kiswahili, kibovu au kizuri.

Mwanafunzi anayerudi kutoka Chile huwa hakosi kusimulia habari za Carménère. Ni zabibu iliyotoka Bordeaux karne ya 19, ikadhaniwa imetoweka baada ya wadudu kuangamiza mizabibu ya Ulaya, kumbe ilikuwa Chile muda wote huo, imechanganyika mashambani na Merlot na kuuzwa kwa jina hilo, hadi mtaalamu wa Kifaransa, Jean-Michel Boursiquot, alipoitambua mwaka 1994. Ni kisa kizuri cha mezani. Lakini hicho chetu cha mitumbwi ya usiku ni kikubwa zaidi, kina watu ndani yake, na mgeni hawezi kukisikia vizuri kwa Kiingereza cha kiongozi wa watalii.

Sasa niongee kama mwalimu. Kinachowashinda wanafunzi wangu si msamiati, ni ngeli. Kitabuni, ngeli ni jedwali la kukaririwa, na jedwali halimshiki mtu wa miaka arobaini aliyechoka na kazi. Mlimani mambo ni tofauti. Mbuni ni mti, mibuni imechanua. Tunda likiiva ni jekundu, matunda yakiiva yanachumwa. Yanatiwa majini, mabovu yanaelea, mazima yanazama. Yanamenywa kwa mashine, mbegu zinavundikwa tangini, zinaoshwa kwenye mfereji, zinaanikwa vichanjani, na kwa siku nyingi wanawake wanasimama juani wakichagua zilizotobolewa na zilizovunjika. Hapo umeshapita ngeli kadhaa na kauli ya kutendwa yote, na hujafungua kitabu. Mkunga mmoja Mbelgiji niliyemfundisha alikuwa na kadi za rangi kwa kila ngeli, nyekundu, bluu, kijani, amezipanga vizuri sana, na hakuweza kusema sentensi mbili zikafuatana. Nilimpeleka kituoni Jumamosi moja ya Mei. Jioni, tukirudi na boti, akamsimulia nahodha kazi yote tangu mwanzo: wakachuma, wakaosha, wakaanika. Zile kadi sikuziona tena.

Kisha kuna kuonja. Wanafunzi wa Chile hufundishwa kunusa kabla ya kunywa, na hapa nasi tuna cha kunusa. Kahawa ya Rwanda na ya Kivu yote ina kasoro yake inayojulikana duniani: kikombe kimoja kati ya vingi kinaweza kutoa harufu ya kiazi kibichi, na wataalamu wanaihusisha na antestia, kunguni wa mibuni. Mtu akishainusa mara moja ataelewa kwa nini akina mama wale wa vichanjani wanakodoa macho siku nzima. Mazungumzo ya namna hiyo, ya kwa nini na kwa sababu gani, ndiyo mwanafunzi wa lugha anayoyahitaji kuliko "habari za asubuhi".

Najua pingamizi la kwanza, maana nimelisikia kwa walimu wenzangu: wakulima wa Rutsiro wanaongea Kinyarwanda. Ni kweli. Ukipanda mlima saa moja tu kutoka ziwani, Kiswahili kinapungua. Lakini mabaharia wana Kiswahili, madereva wanacho, watu wa Idjwi wanacho, na wanawake wengi wa Rubavu wanaovuka mpaka wa Petite Barrière kuuza mboga na maziwa Goma wanacho tena cha moto, kile kisichokusubiri utafute kitenzi. Mwanafunzi atajifunza kwangu asubuhi kwamba matunda yameiva, na mchana atasikia "matunda imeiva". Vizuri. Ajue vyote viwili, na ajue aseme kipi akiwa wapi. Anayesoma Santiago hupitia hayohayo kila anapofunga daftari na kutoka nje. Isitoshe, vijana wa vituo vya kahawa wanakitaka Kiswahili kwa ajili yao wenyewe, kwa kuwa soko la Afrika Mashariki liko wazi na lori bado linakwenda Mombasa na Dar es Salaam. Darasa hilo liwe la pande mbili: mgeni anapewa kahawa, kijana wa kituo anapewa sarufi.

Wapo watakaosema mvinyo una mvuto kuliko kahawa. Anayetaka mvinyo kwa Kiswahili ameshapata: aende Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka na Makutupora kuna kituo cha utafiti. Ningependa sana Dodoma nao wafanye hivi. Sisi kahawa inatufaa zaidi, hasa kwa kuwa Mwislamu wa mtaa wetu wa Majengo anaweza kukaa mezani bila kujitetea.

Jambo linalochekesha ni kwamba sisi wenyewe hatuinywi. Mkulima wa Kivu asubuhi hunywa chai au uji, jioni urwagwa, pombe ya ndizi, na kahawa anaiona ikiondoka kwa gunia. Pwani hawalimi kahawa, ila wana dele la shaba, kashata na baraza za kuongelea hadi usiku. Sisi tuna shamba bila baraza. Kozi ninayoitaka iwe na jioni za kahawa chungu kando ya ziwa, wageni na wakulima pamoja, sambaza, vile visamaki vya ziwani, vya kukaanga pembeni. Nimeshawahi kumpa mzee aliyelima kahawa maisha yake yote kikombe cha kahawa yake mwenyewe. Alikunja uso, akaomba sukari, kisha akaomba kingine.

La usalama sitalificha. Januari 2025 Goma ilipotekwa, makombora yalivuka mpaka na kuua watu hapa Rubavu, na tangu hapo mgeni akisoma jina la mji wetu anasita. Simlaumu. Ndiyo sababu mojawapo ya kupeleka masomo kusini, Nyamyumba na Rutsiro, badala ya kuyaweka mjini karibu na mpaka. Ila tusikubali kwamba kitu pekee dunia inachokijua kuhusu ufuko huu ni vita.

Kuhusu fedha nina msimamo mmoja tu, na huo siuregezi. Hili lisiwe jambo la hoteli. Hoteli zikilishika, Kiswahili kitakuwa "jambo" na "asante sana" kwenye ubao wa makaribisho, na mama wa kichanjani atapewa kitenge cha kuvaa siku za picha. Anayemfundisha mgeni kuchagua mbegu kwa saa tatu ametoa somo la saa tatu, alipwe kama mwalimu, kwa kiwango kilekile ninacholipwa mimi. Nahodha vilevile. Ada ipite kwenye ushirika, wanachama waione hesabu.

Kwa walimu wenzangu wa Kiswahili wa Rubavu, na kwa viongozi wa vyama vya ushirika: mavuno yanaanza Machi na yanakwisha karibu na Juni. Mgeni anayepanga safari ya masomo huanza kutafuta miezi mingi kabla. Tukutane kabla ya Desemba, kila kituo kiseme kinaweza kupokea wanafunzi wangapi, nasi walimu tulete mtaala. Wa kwangu nimeshauandika, na yeyote anayetaka kuukosoa nitamkaribisha kwa kahawa.