Maktaba za vyuo vikuu mashariki mwa Congo: mabadiliko yaanzie mlangoni

Mwanafunzi aliyekimbia Goma na kufika Beni na nguo za mwilini tu, anaombwa nini kwenye mlango wa maktaba ya chuo? Karte ya mwanafunzi, na bordero ya benki kuonyesha kama amelipa. Karte ilibaki nyumbani. Benki za Goma nazo zilifunga milango mwezi wa kwanza 2025, M23 walipoingia mjini. Basi anarudi alikotoka.

Kosa si la mfanyakazi anayekaa pale mezani. Yeye alipewa sheria, na kitabu kikipotea ndiye atakayeulizwa, pengine hata kukatwa mshahara ambao wenyewe hauji kila mwezi. Hapo ndipo mkuu wa maktaba anayesema anataka mabadiliko angeanzia, kabla ya kutafuta kompyuta. Programu ya Koha, ambayo maktaba nyingi duniani zinatunzia orodha ya vitabu na ya wasomaji, inatolewa bure tangu mwaka 2000. Lakini programu haimtoi mtu hofu. Mkuu aandike na kutia sahihi kwamba mwanafunzi aliyehama asome ndani kwa ushuhuda wa mwalimu mmoja, na kwamba kitabu kikipotea hasara ni ya idara nzima. Mlango utafunguka siku hiyohiyo.

Kuna jambo lingine ambalo wakuu wengi wanalipita haraka. Mfumo wa LMD ulipoanza kuenezwa nchini mwaka wa masomo 2021-2022, saa ambazo mwanafunzi anasoma peke yake ziliingia katika hesabu ya krediti, 60 kwa mwaka. Masomo yalibadilika, saa za maktaba, mara nyingi, zilibaki zilezile. Inafungwa jioni, wakati ambapo familia ya wakimbizi iliyobanana katika chumba kimoja haina taa wala meza.

Kubadilisha zamu kunadai kukaa na wafanyakazi, kusikia nani anaishi mbali na nani anaogopa kurudi usiku, maana usalama wa njia si mchezo. Tangazo la kubandika ukutani halitoshi: wataitika "ndiyo, mkuu", na saa tisa na nusu mlango utafungwa kama jana.

Siku mbili kwa juma, chumba kimoja, taa ya jua. Hilo linaweza kujaribiwa kabla ya mitihani.