Kikulacho Ki Nguoni Mwako

Methali hii yaeleza barabara maradhi kama lupasi na skleroderma, ambamo kinga ya mwili humgeukia mwenyewe na kuzishambulia tishu zinazoshikanisha viungo vyake.

Mishipa ya damu nayo haisalimiki. Utando wake wa ndani hutoa nitriki oksaidi, gesi ambayo wanafunzi wa kemia waijua kama uchafu wa moshi wa magari. Mwilini kazi yake ni njema: huilegeza misuli ya mshipa, damu ikapita kwa wepesi. Ugunduzi huo uliwapatia Furchgott, Ignarro na Murad Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Utando ukidhurika, gesi hiyo huwa haba na mishipa hukazana. Baridi ikigusa vidole, vyafa ganzi na kubadilika rangi.

Je, hayo yatuhusu nini sisi wa Garissa, mji wa jua kali? Yatuhusu sana. Joto letu laweza kuificha dalili hiyo, na katika ngozi nyeusi weupe wa vidole hautambulikani upesi. Kisha kijana wetu hupelekwa shule ya Limuru au Nyahururu, na asubuhi ya baridi kalamu yamponyoka. Ni rahisi kumwita mvivu.

Nawasihi walimu wenzangu: kabla ya kumkemea, mwulizeni kuhusu vidole, maungo na uchovu wake, kisha apelekwe hospitalini. Si kila ganzi ni maradhi makubwa, lakini wa kupambanua ni daktari, si hasira zetu.