Kabla ya kung'oa jino, tuangalie mzizi

Jino linauma usiku kucha. Asubuhi mgonjwa anaenda kituo cha afya, anapigwa sindano ya ganzi, munganga anashika koleo. Mara nyingi jino linatoka. Lakini kuna siku linakataa: linavunjika, mzizi unabaki ndani ya taya, na munganga analaumiwa kwamba hajui kazi.

Sababu moja inaweza kuwa hali inayoitwa hipasementosi. Mzizi wa kila jino umefunikwa na tabaka jembamba na gumu, sementi, linalosaidia kulishikamanisha jino na taya. Kwa watu wengine tabaka hilo linaongezeka kupita kiasi, na ncha ya mzizi inanenepa kama kichwa cha rungu. Linaweza kutokea kadiri umri unavyosonga, kwa jino lisilokutana na mwenzake wakati wa kutafuna, au kwa jino lenye uvimbe wa muda mrefu kwenye mzizi. Mara chache, likigusa meno mengi, linaambatana na ugonjwa wa mifupa uitwao Paget.

Kwa kawaida hali hii haiumi wala haihitaji dawa. Shida inakuja siku ya kung'oa: mzizi mnene chini haupiti kwenye tundu jembamba juu. Macho hayauoni, picha ya radio ndiyo inauonyesha. Munganga aliyeuona mapema anaweza kulikata jino vipande, kupunguza mfupa kidogo, au kumtuma mgonjwa kwa mpasuaji.

Tunajua vita na magonjwa ya mlipuko vinakula nguvu nyingi huku mashariki. Hata hivyo, meno si jambo dogo: mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilisema watu karibu bilioni 3.5 wana magonjwa ya kinywa. Wizara ya afya na wakuu wa majimbo wahakikishe kila hospitali kuu ina mashine ya radio ya meno, umeme wa kuiendesha, na mtu anayejua kusoma picha zake. Mashine bila umeme ni pambo tu.

Nawe ndugu msomaji, kabla ya kufungua kinywa, uliza: «Munganga, mzizi umeuona?» Kuuliza hivyo si kumdharau. Ni kumsaidia asivute gizani.