Sauti ya Mzee na Neno la Sheria: Matumizi ya Kinasa Sauti katika Somo la Uraia

Mada ya sheria katika shule zetu za msingi hufundishwa kwa mtindo mmoja. Mwalimu huandika ubaoni kwamba sheria hutungwa na Bunge, watoto hunakili, na kengele hulia. Mtoto hutoka darasani akidhani kwamba sheria ni kitu cha Dodoma, wala hakimhusu yeye wala babu yake. Maoni yangu ni kwamba historia ya sheria hufundishika vema zaidi kwa mazungumzo yaliyonaswa, mradi mwalimu aijue mipaka ya zana hiyo.

Tuchukue mfano wa Kasesya, mpakani mwa Tanzania na Zambia. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walipatana huko Ulaya juu ya mpaka kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Wamambwe wakajikuta wamegawanyika pande mbili za mstari ambao hawakuulizwa habari zake. Maneno ya mkataba ule yamo vitabuni. Lakini namna watu walivyoendelea kuoana, kurithishana na kusuluhishana magomvi huku mpaka umewapitia katikati, hayo hayamo katika mkataba. Yamo vinywani mwa wazee, na kila mzee anapofariki hupungua.

Njia hii si ngeni nchini. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mradi ambao wanafunzi walikwenda vijijini kukusanya masimulizi ya Vita vya Maji Maji. Hapa Ufipa, Roy Willis alikusanya hadithi za Wafipa katika miaka ya 1960, pamoja na masimulizi ya Milansi, jinsi wanawake wageni walivyofika na utawala ukapita mikononi mwao. Na katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, wananchi walikusanyika mbele ya redio, wakasikiliza, kisha wakajadiliana na kutenda. Siri ya mafanikio yale haikuwa redio peke yake, bali mjadala uliofuata.

Hivyo mwanachuo anayekwenda kwenye mazoezi ya kufundisha hana haja ya mitambo ya gharama. Simu yake ya mkononi yatosha kunasa sauti. Kwanza, aombe ridhaa ya msimulizi na kuujulisha uongozi wa kijiji. Pili, auulize juu ya mambo ya zamani yaliyokwisha, wala asinase shauri ambalo bado linaendelea, wala kutaja majina ya wenye ugomvi. Tatu, achague sehemu fupi, dakika tatu au nne, kwa maana mtoto wa darasa la tano hawezi kuketi akisikiliza nusu saa. Ikiwa mzee amesema Kifipa au Kimambwe, watoto wenyewe wasaidie kufasiri kwa Kiswahili. Kazi hiyo ni somo la lugha pia. Baada ya kusikiliza, yafuate maswali: Nani aliamua? Nani alisikilizwa? Nani hakuulizwa?

Swali hilo la mwisho ndilo kiini cha hoja yangu. Sauti ya mzee ina uzito mkubwa kwa mtoto, na uzito huo una hatari yake. Msichana akimsikia mzee mwenye heshima akisema kwamba mwanamke harithi shamba, na mwalimu akanyamaza, basi mwalimu amefundisha kwamba ndivyo ilivyo. Ukimya wake utakuwa umemnyima mtoto haki yake.

Historia imekwisha kutuonya. Wakati wa ukoloni, Hans Cory alikusanya mila za Wahaya na za Wasukuma na kuziandika. Mwaka 1963 Serikali ilitoa matangazo ya sheria za mila zilizoandikwa. Mila, ambayo vijijini hubadilika kadiri watu wanavyojadiliana, ikawa maandishi yasiyobadilika. Moja ya kanuni zile ilimkataza mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi. Ilihitajika kesi ya mwanamke mmoja wa Kihaya, iliyofika Mahakama Kuu mjini Mwanza, hata Jaji Mwalusanya akaamua mwaka 1990 kwamba ubaguzi huo haupatani na Katiba. Kanda ya mwalimu nayo yaweza kugandisha neno la mtu mmoja na kulifanya lionekane kuwa ndiyo mila ya wote.

Dawa ni kuweka sauti mbili, na kando yake maandishi. Akinaswa mzee wa kiume, anaswe na bibi ambaye aliwahi kulima shamba lisilokuwa lake. Kisha mwalimu asome darasani, kwa lugha nyepesi, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Sheria hiyo inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mlemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Tena inaagiza kwamba kati ya wajumbe saba wa Baraza la Ardhi la Kijiji, wasipungue watatu wanawake. Hapo mtoto ataona mambo mawili kwa pamoja: kwamba wazee wake walikuwa na sheria kabla ya Mzungu, na kwamba sheria hurekebishwa na watu.

Watakuwako watakaosema kwamba muhtasari ni mrefu na vipindi ni vichache. Ni kweli. Lakini kipindi kimoja cha namna hii katika muhula hakimwangushi mwanafunzi katika mtihani. Zaidi ya hayo, wengi wa watoto hawa hawatamwona wakili maishani mwao. Watasimama mbele ya baraza la kijiji au Mahakama ya Mwanzo wakijitetea wenyewe kwa Kiswahili. Aliyezoea kusikiliza maneno ya pande mbili, kuyapima na kuuliza, hatasimama pale akitetemeka. Ndugu wanachuo, kazi ya kumwandaa mtoto huyo ni yetu, nayo yapasa kuanza darasani.