Joto la Mboga Lizuiwe Shambani, Si Sokoni

Jengo la soko la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975, liliungua Julai 2021, na watu wote waliona moto ule. Lakini uko moto mwingine usioonekana, uunguzao mboga za mkulima kabla hazijafika Kariakoo. Wengi humlaumu mchukuzi au mchuuzi. Maoni yangu ni kwamba mara nyingi hasara hiyo hufungwa ndani ya gunia, huko huko shambani.

Yafaa kwanza kujua asili ya joto hilo. Kabichi iliyokatwa haijafa, ingali ikipumua. Sukari iliyomo huungana na oksijeni ya hewa, ikageuka kuwa maji na kaboni dioksidi, na badiliko hilo hutoa joto. Ni jamaa ya kuungua kwa kuni, ila huenda polepole, bila mwali. Jani moja hutoa joto dogo, nao upepo huliondoa. Majani yakishindiliwa, joto hukosa njia. Tena joto huzaa joto: likizidi kwa nyuzi 10 za Sentigredi, kupumua huongezeka yapata mara 2 au 3. Ndiyo sababu atiaye mkono katikati ya lumbesa ya mchicha huona vuguvugu kama la mwili wa mgonjwa wa homa.

Dawa yake ni badiliko la namna ya pili, lile linyonyalo joto. Maji yageukapo mvuke hulichukua joto la kitu yalichokilowesha; ndivyo mtungi wa udongo upozavyo maji ya kunywa. Lita 1 ikikauka huchukua joto lipitalo mara 7 lile litoshalo kuitokosa lita hiyo.

Wako wasemao, "Mchuuzi hunyunyizia mboga maji kutwa, kazi hiyo ni yake." Lakini hewa ya Dar es Salaam imejaa unyevu wa bahari, kwa hiyo maji hukauka polepole na kupoza kidogo. Kunyunyiza huko huzuia kunyauka tu. Hakurudishi sukari iliyokwisha kuungua njiani. Mkulima wa bara penye hewa kavu ana nafasi bora kuliko mchuuzi wa pwani.

Basi yapasa kufanya haya. Vuna alfajiri, kabla jua halijaipasha mboga joto. Iweke kivulini penye upepo, nyunyiza maji safi, uache upepo uyakaushe. Ifunge katika tenga lenye matundu, wala usiishindilie. Isafirishe usiku. Vitunguu na viazi visiloweshwe kamwe, maana huoza.

Najua jibu la wengi: mwenye lori hutoza kwa gunia, na mnunuzi hutaka lumbesa. Hoja hiyo ni nzito, lakini hesabu yake haijakamilika. Lumbesa humwibia mkulima mara mbili: kwanza kwa kipimo, ndiyo maana sheria ya vipimo huikataza, pili kwa joto, maana sehemu ya katikati huoza, na bei ya gunia zima hushuka. Wakulima wa kijiji kimoja wakikodi lori pamoja na kukubaliana juu ya matenga, watakuwa na nguvu ya kukataa. Mmoja peke yake hawezi.