Kabla Hujawasha Kiberiti Bunda

Makamanda, mavuno ya pamba yakiisha nenda Bunda uone moshi. Kanuni za pamba zinamtaka mkulima ang'oe masalia yote ayachome, ili funza na wadudu wengine wasivuke kwenda msimu ujao. Sina ugomvi na sababu hiyo, ni ya kweli. Ila mimi nasoma sheria, na nimejiuliza: kwa nini kanuni inajua neno "choma" tu?

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mahema na nguo za pamba za jeshi la Marekani zilikuwa zinaoza kule Visiwa vya Solomon. Mlaji alikuwa kuvu, leo anaitwa Trichoderma reesei. Anatoa vimeng'enya vinavyovunja nyuzi za mmea kuwa sukari. Wakamfuga. Leo vimeng'enya vya aina hiyo vimo kwenye sabuni za unga, na viwanda vya nguo vinapaushia jinzi badala ya kuzisugua kwa mawe. Pengine hata hiyo ya mtumba uliyovaa.

Chakula chake ni mabua, maganda, miti ya pamba. Unasaga, unapitisha mvuke wa moto (wadudu wanafia hapo hapo), unapanda kuvu, unaacha siku kadhaa kwenye unyevu, kisha unakamua. Bibi yangu wa Majita anavundika muhogo uote ukungu kabla haujawa udaga. Hajasoma baiolojia, lakini hilo ukimweleza hashangai. Kazi ngumu ni kuhakikisha nguvu ya kimeng'enya haibadiliki pipa hadi pipa. Hapo ndipo inahitajika maabara.

Na maabara mahali pake ni Butiama. Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Nyerere tumekisubiri zaidi ya miaka kumi, na majengo yake yanatokana na mradi wa HEET, mkopo wa Benki ya Dunia. Watakaoulipa ni sisi wa miaka ishirini na kitu. Basi tusiambiwe eti kuuliza kitafanya nini na pamba ya Mara ni siasa. Musoma tulikuwa na Mutex, kiwanda cha nguo cha umma, kikabinafsishwa. Tunajua kupoteza kunavyofanana.

Wakenya nao wanajua. Mwaka 1992 watafiti kutoka Uingereza walichukua bakteria Ziwa Bogoria, na kimeng'enya kikaishia kwenye biashara ya jinzi. Shirika la Wanyamapori la Kenya lilijitokeza kudai mgao kwa kampuni ya Genencor mwaka 2004. Miaka 12 baadaye!

Kwa hiyo nataka vitu viwili viandikwe mapema. Kanuni iseme "achome, au apeleke kituo kilichosajiliwa kabla ya tarehe ya mwisho". Na mkataba wowote wa chuo na mwekezaji utaje bei ya mzigo wa masalia na mgao wa kijiji, usomwe hadharani. Najua mama zetu wanapikia miti hiyo. Ndiyo maana bei iwepo, siyo "mchango".

Rasimu nimeshaandika, ukurasa mmoja. Naipeleka kwa diwani kabla ya msimu kuisha. Anayelima pamba Bunda au Butiama aisome kwanza, anionyeshe kipengele kitakachomkwamisha shambani.